Fedha Ibaki Dawa, Isigeuke Taka ya Mto

Katika Kiswahili neno fedha hubeba maana mbili: madini meupe yanayong'aa, na mali inayohesabiwa mkononi. Wahudumu wa afya wanaijua fedha kwa maana ya tatu, nayo ni fedha iliyo dawa. Kwa zaidi ya miaka mia moja madini haya yameua vijidudu machoni mwa watoto wachanga na juu ya ngozi iliyoungua. Leo fedha hiyo hiyo husagwa au kutengenezwa kuwa chembe ndogo zisizoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, kisha hutiwa katika soksi, nguo za michezo, dawa za meno na vyombo vya kuhifadhia chakula, ili bidhaa hizo ziuzwe kwa sifa ya kuua bakteria. Kinachotoka katika bidhaa hizo wakati wa kufua na kuosha huingia katika majitaka, na mwisho wa safari ya majitaka mengi ni pale mto unapokutana na bahari.

Sekta ya afya ina swali la kujibu hapa, wala isiwaachie wataalamu wa mazingira peke yao. Je, ni busara kuitumia dawa ya majeruhi wa moto kuondolea harufu ya miguu? Jibu linalotetewa katika makala haya ni kwamba si busara. Hata hivyo, sababu yake haitokani na hofu inayoenezwa mara kwa mara kwamba chembe hizi zimekwisha kuua uhai wa milango ya mito. Ushahidi uliopo hausemi hivyo, na anayetaka kusikilizwa na watu wa afya hana budi kuanza na ushahidi ulivyo.

Dawa yenye historia

Katika miaka ya 1880 daktari Mjerumani Carl Credé, aliyefanya kazi katika hospitali ya wazazi mjini Leipzig, alianza kuwatia watoto wachanga tone la nitrati ya fedha machoni. Kabla ya hapo takriban mtoto mmoja kati ya kila kumi waliozaliwa hospitalini humo alipata uambukizo wa macho uliotoka kwa mama mwenye kisonono, na wengine walipofuka. Baada ya hatua hiyo ugonjwa huo ulishuka hadi kuwa nadra. Mwaka 1968 Charles Fox wa Marekani alieleza jinsi alivyounganisha fedha na dawa ya jamii ya salfa, akapata krimu ya salfadiazini ya fedha, ambayo hadi leo wauguzi wengi huipaka juu ya majeraha ya moto.

Nguvu ya fedha hutokana na ioni zake, yaani atomi zilizopoteza elektroni moja. Ioni hizo hushika kwa nguvu sehemu za protini zenye salfa. Bakteria anapokutana nazo utando wa seli yake hupoteza uimara, vimeng'enya vya upumuaji hukwama, na kemikali zenye oksijeni kali huzaliwa ndani ya seli na kuidhuru. Kwa kuwa mapigo haya hutua mahali pengi kwa wakati mmoja, kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba bakteria hawawezi kujenga usugu dhidi ya fedha. Imani hiyo, kama itakavyoonekana, haikudumu.

Chembe nano za fedha zina upana wa kati ya nanomita 1 na 100, ilhali bakteria wa kawaida ana urefu wa nanomita 1000 au zaidi. Udogo huo ndio siri yake. Gramu moja ya fedha ikigawanywa katika chembe ndogo namna hiyo, eneo lake la nje huongezeka mara nyingi sana, na ioni hutoka katika kila uso wake pole pole kwa muda mrefu. Chembe nano ni ghala dogo la ioni. Sifa hiyo huifanya ifae katika bandeji ya kidonda inayokaa siku kadhaa bila kubadilishwa, na sifa hiyo hiyo huifanya iwe mgeni asiyeondoka upesi inapofika mahali isipotakiwa.

Kutoka beseni la kufulia hadi mikokoni

Mwaka 2008 watafiti Troy Benn na Paul Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi ambalo kila mwenye beseni angeweza kulielewa. Walichukua soksi zilizotiwa fedha, wakaziloweka na kuzisuuza katika maji, kisha wakapima fedha iliyotoka. Baadhi ya soksi zilipoteza karibu fedha yake yote katika mizunguko minne ya kuoshwa. Mnunuzi alikuwa amelipia kinga ya kudumu, akapata kinga ya majuma machache, na kilichobaki kikachukuliwa na maji.

Katika miji yenye mitambo kamili ya kusafisha majitaka, sehemu kubwa ya fedha hiyo hukutana na salfaidi inayozalishwa na bakteria mahali pasipo na hewa. Hugeuka kuwa salfaidi ya fedha, kiwanja kisichoyeyuka kwa urahisi, na hubaki katika tope la mtambo. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki sehemu kubwa ya nyumba hutegemea vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka, na maji ya kufulia humwagwa mtaroni. Anayeijua Dar es Salaam anajua kwamba mtaro huelekea bondeni, na bonde la Msimbazi huelekea Bahari ya Hindi.

Mlango wa mto ni mahali pa pekee kikemia. Maji baridi yakichanganyika na maji ya chumvi, chembe zilizokuwa zikielea mbalimbali kwa sababu ya chaji zao za umeme hupoteza nguvu ya kusukumana. Hushikamana, huwa nzito na kuzama. Kloraidi ya maji ya bahari nayo huzishika ioni za fedha na kuzifanya zisiwe kali kama zilivyo katika maji baridi. Chini, ndani ya matope meusi yenye harufu ya yai bovu, ipo salfaidi nyingi inayoifunga fedha kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mlango wa mto hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupunguza ukali wa fedha, na huikusanya topeni badala ya kuiachilia iende zake.

Matope yamesema nini hadi sasa

Si mtu wa mazingira tu anayepaswa kujali hatima ya bakteria wa topeni. Viumbe hao ndio wanaoozesha majani ya mikoko na mizoga, na ndio wanaoigeuza amonia ya kinyesi na mbolea kuwa nitrati, kisha nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi hewani. Wakilegea katika kazi hiyo, maji hujaa virutubisho, mwani hustawi kupita kiasi, oksijeni hupungua, na kamba na samaki wanaozaliwa mikokoni hukosa pumzi. Lishe ya familia za pwani, kuanzia hori za mjini hadi delta ya Rufiji, inategemea kazi ya viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona kwa macho.

Mwaka 2009 watafiti wa Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza, walichapisha jaribio lililotumia matope ya mlango wa mto pamoja na maji yake. Waliyatia chembe nano za fedha mara kwa mara hadi kufikia mikrogramu 1000 kwa lita, kiwango kikubwa mno kuliko kinachopatikana kwa kawaida katika mito, ambacho hupimwa kwa nanogramu. Fedha ilihama upesi kutoka majini na kutulia katika milimita chache za juu za matope. Hata hivyo, walipolinganisha vinasaba vya jamii za bakteria, waliona mabadiliko madogo au wasione kabisa. Kundi hilo hilo lilichunguza pia kama bakteria wa matope hayo walikuwa wamepata usugu zaidi dhidi ya antibiotiki, nalo halikuona ongezeko.

Matokeo hayo ni habari njema, na inafaa yapokelewe hivyo. Mwenye kupigania mazingira akiyaficha kwa sababu hayamfai, atakuwa anafanya kosa lile lile analowalaumu nalo wafanyabiashara.

Habari hiyo njema ina mipaka yake. Jaribio la majuma machache halisemi kitakachotokea kwa miaka ishirini ya kurundikana. Matope ya nchi ya baridi si matope ya mikoko yenye joto mwaka mzima. Zaidi ya hayo, kuhesabu aina za bakteria si sawa na kupima kazi yao. Muuguzi mkuu anaweza kuita majina asubuhi akakuta wauguzi wote wamefika, na bado wagonjwa wakalala bila dawa.

Watafiti wa China walipima kazi hiyo katika matope ya mlango wa mto Yangtze, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017. Waliona kwamba chembe nano za fedha zilipunguza uwezo wa vijidudu kuigeuza amonia, na kwamba kadiri chembe zilivyokuwa ndogo ndivyo madhara yalivyozidi. Waliona pia jambo lisilotarajiwa: katika viwango visivyotosha kuwazuia kabisa, vijidudu hao walitoa oksidi ya nitrasi kwa wingi zaidi. Wahudumu wa chumba cha upasuaji wanaijua gesi hiyo kwa kazi yake ya kupunguza maumivu. Hewani ni miongoni mwa gesi zinazoongeza joto la dunia. Viwango vilivyotumika huko navyo vilikuwa vya juu kuliko vya kawaida. Ila somo linabaki: bakteria anaweza kuwepo, akahesabiwa, na huku kazi yake ikiwa imeharibika.

Usugu ulianzia wodini

Hofu ambayo watu wa afya wana haki zaidi ya kuwa nayo haikuanzia mtoni. Mwaka 1975 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka wodi ya majeruhi wa moto katika hospitali moja mjini Boston, Marekani. Wagonjwa waliokuwa wakitibiwa kwa nitrati ya fedha waliambukizwa salmonela aliyekuwa sugu kwa fedha hiyo, na pia kwa ampisilini na kloramfenikoli. Baadhi yao walifariki. Baadaye wanasayansi walitambua kwamba jeni za usugu dhidi ya fedha zilikuwa juu ya plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja huweza kumpa mwenzake, hata wa aina nyingine. Juu ya plasmidi hiyo hiyo zilikuwapo jeni za usugu dhidi ya antibiotiki kadhaa.

Maana yake kwa tabibu ni nzito. Jeni zikisafiri katika gari moja, abiria mmoja akilipiwa nauli wote hufika. Fedha ikiwapendelea bakteria wenye jeni za kuistahimili, huenda ikawapendelea pia wale wanaoshinda antibiotiki, hata pale ambapo hakuna antibiotiki iliyotumika. Matope ya Plymouth hayakuonyesha hilo, lakini mito inayopita katika miji mikubwa hubeba mambo matatu kwa pamoja: bakteria wa kinyesi, mabaki ya antibiotiki na metali mbalimbali. Mlango wa mto ndipo vitu hivyo vitatu hukutana na kukaa. Kuongeza fedha nyingine mahali hapo kwa ajili ya soksi ni kucheza kamari kwa mali ya wagonjwa.

Funzo la kusini mwa Ghuba ya San Francisco

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba nchi zenye kipindupindu na vyoo vichache hazina muda wa kuhangaikia chembe zisizoonekana. Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliye na kikombe cha maji machafu anahitaji maji salama leo. Kwa sababu hiyo makala haya hayapingi vichujio vya chungu vilivyopakwa fedha, ambavyo katika nchi nyingi maskini vimepunguza kuhara majumbani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba fedha isiyozidi miligramu 0.1 kwa lita inaweza kuvumiliwa katika maji ya kunywa inapotumika kuyalinda dhidi ya vijidudu. Hapo fedha inafanya kazi ya uhai.

Lakini historia inaonyesha kwamba kungoja hadi madhara yaonekane kuna gharama. Katika matope ya Palo Alto, kusini mwa Ghuba ya San Francisco, wanasayansi wa Shirika la Jiolojia la Marekani walianza katika miaka ya 1970 kupima metali ndani ya kombe wadogo waishio topeni. Walikuta fedha nyingi kupita kiasi. Sehemu kubwa yake ilitoka katika shughuli za kusafisha picha, ikapitia mtambo wa majitaka na kufika ghubani. Kombe hao walikuwa hai, lakini uzazi wao ulikuwa umedhoofika. Katika miaka ya 1980 usafishaji wa majitaka uliboreshwa na fedha ikazuiwa kwenye chanzo. Kiasi chake mwilini mwa kombe kikapungua mwaka hadi mwaka, na uzazi wao ukarudi.

Funzo hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba fedha ya kawaida, hata isiyo ya nano, iliwahi kudhuru uhai wa mlango wa mto bila watu wa mjini kujua. Upande wa pili ni kwamba mdomo wa bomba ndiyo sehemu rahisi ya kuizuia. Ikishatua topeni hakuna chombo cha kuichuja.

Yanayowezekana sasa

Hatua ya kwanza iko ndani ya hospitali zenyewe. Vituo ambavyo bado husafisha picha za eksirei kwa filamu hutumia kemikali ya fiksa, na fiksa iliyokwisha kutumika huwa na gramu kadhaa za fedha katika kila lita. Kuimwaga katika sinki ni kupeleka mtoni, kwa mkupuo mmoja, fedha inayozidi ya soksi nyingi mno. Fiksa hiyo ikusanywe katika madumu yenye alama na kukabidhiwa kwa wanaoirejesha fedha, ambayo ina bei sokoni. Mkuu wa kitengo cha radiolojia na mganga wa meno hawahitaji sheria mpya ili kuanza.

Hatua ya pili ni ya waandikaji wa dawa. Krimu ya salfadiazini ya fedha si ya kila kidonda. Mapitio ya tafiti yameonyesha kuwa kwa majeraha mepesi ya moto haiharakishi kupona kuliko bandeji za kisasa, na huenda hata ikachelewesha. Ipewe mgonjwa ambaye jeraha lake linaihitaji, kwa muda unaohitajika, kama antibiotiki zinavyopaswa kutolewa.

Hatua ya tatu ni ya mgonjwa na mnunuzi. Maji ya fedha yanayouzwa kama tiba ya kunywa kwa maradhi mengi hayajathibitishwa kutibu ugonjwa wowote. Tangu mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imetamka kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala zenye ufanisi. Anayeyanywa kwa muda mrefu anaweza kupata rangi ya bluu na kijivu katika ngozi, rangi isiyofutika. Kwa nguo na soksi, sabuni na jua vinatosha. Mwenye kidonda cha kisukari mguuni asidanganyike kwamba soksi yenye fedha ni badala ya kukaguliwa miguu kliniki.

Hatua ya nne ni ya wasimamizi. Bidhaa yenye chembe nano za fedha iandikwe hivyo kwenye lebo, kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma, pamoja na kiasi chake. Kwa Tanzania, Shirika la Viwango na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ndipo mahali pa kuanzia mazungumzo hayo. Vyuo vikuu navyo vipime matope ya Msimbazi na ya Rufiji sasa, kabla fedha haijawa nyingi, ili vizazi vijavyo vya watafiti viwe na kipimo cha kulinganishia. Vipime kazi ya bakteria pamoja na hesabu yao, na jeni za usugu pamoja na metali.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayomnyima mgonjwa dawa. Zote zinailinda dawa hiyo ili iendelee kufanya kazi. Watu wa afya wamekwisha kuona yaliyozipata antibiotiki zilipotumiwa ovyo kwa mafua na kwa kunenepesha kuku. Leo wodi zina wagonjwa wasiosikia dawa ambazo wazazi wao walipona nazo. Fedha bado haijafika hapo. Matope ya milango ya mito bado yanaistahimili, kwa salfaidi na chumvi yake, na yametoa muda wa kufikiri. Mtoto atakayeletwa kesho akiwa ameunguzwa na uji wa moto atahitaji krimu ambayo bakteria wa kidonda chake hawajajifunza kuishinda. Uamuzi wa kumhifadhia krimu hiyo unafanywa leo, katika sinki la eksirei, katika duka la nguo na katika ofisi inayoidhinisha lebo.